Fomu Niliyoitia Sahihi

Jumatatu, 3 Machi
Nina miaka sabini na tisa. Nimezika wake wawili, kaka watatu, na daktari aliyesema sifiki mwezi wa sita. Madawati ya shule ile ya serikali niliyapiga randa mimi, hakuna linaloyumba. Leo mwalimu mkuu kaniita kwa fomu ya mjukuu wangu. Kasema, mzee, weka dole gumba hapa. Dole gumba—mimi! Nikadai kalamu. Nikatia sahihi yenye mkia. Walimu wote ofisini waliitazama.

Jumanne, 4 Machi
Mjukuu hali chakula. Nikamuuliza, nani kakuudhi, mama? "Wewe, babu."
Kumbe fomu inasema mlezi ameridhia kwa hiari mtoto arudie darasa la saba, asisajiliwe mtihani. Watoto waliofanyiwa hivyo ni kumi na mmoja, wote wa huku kwetu bondeni. Tangu mwaka jana hawana mwalimu wa hesabu, aliyekuwepo kapewa mkondo ule mwingine. Sasa eti wanashusha wastani wa shule! Usajili unafungwa keshokutwa.
"Si ungesoma kwanza, babu?" Nikasingizia macho. Si macho. Nilisoma maneno mawili nikachoka.

Jumatano, 5 Machi
Nimekwenda. Mwalimu mkuu kacheka kwa adabu: mzee wangu, si umeridhia mwenyewe? Nikamwambia lete fomu. Nikaisoma kwa sauti, silabi kwa silabi, walimu wote wanasikia. Mwalimu mmoja kacheka—nikarudia mstari kutoka mwanzo. Nilipofika "kwa hiari" nikauliza, hiari ya nani? Mwalimu mkuu kasema walezi wakitaka kufuta, walete barua kesho.
Jioni nimepita nyumba zote kumi. Jirani fundi viatu kanifokea: "Wewe mzee huna cha kupoteza. Mimi nina watoto wengine wawili shuleni palepale!" Nikageuka nikaondoka. Mimi!

Alhamisi, 6 Machi
Tumekuja walezi saba. Barua nimeiandika kwa mkono wangu, mjukuu kasahihisha mara nne.
Ofisi imefungwa. Mwalimu mkuu katoka, wanasema. Lakini feni ndani inazunguka, naisikia.
Mwisho ni saa kumi. Sasa tisa na nusu. Naandika hapahapa barazani. Mjukuu kashika barua kwa ncha za vidole, asiichafue.
Wakisema kesho hatukuja, aulizwe bawabu aliyetufungulia geti. Aulizwe karani, kachungulia dirishani akavuta pazia. Na yule mwalimu wa hesabu: kapita mara mbili, ya kwanza kanisalimia, ya pili—

Kitasa cha mlango wa ofisi kimelia.