Mwili Usiopandisha Homa

3 Machi

Mwanangu Kifungua-mimba,

Hujambo? Mimi sijambo, ila masikio ni yaleyale, ndiyo maana nakuandikia ujumbe badala ya kupiga simu. Miaka thelathini ya kelele za cherehani si mchezo. Ile sindano ya kila wiki ya baridi yabisi uliyohangaika kunitafutia imenifufua vidole! Siku hizi nafunga vifungo mwenyewe, na jana nimeshona mashati kumi na mawili ya sare. Msimamizi wa karakana akaniuliza kama nina mchumba.

Hebu nieleze dawa hii inafanyaje kazi. Wenzangu wananiuliza, nami nawajibu "sayansi" tu.

Mama yako

4 Machi

Shikamoo mama,

Mimi mzima, ila hapa maabara chupa za damu haziishi. Haya, sayansi yenyewe ndiyo hii. Chembe za kinga zikikutana na kijidudu, humwaga vijumbe viitwavyo saitokini. Kijumbe husafiri kwenye damu mpaka kikute chembe yenye kipokezi chake, kama ufunguo na kitasa. Kikishika, amri imefika: joto lipande, mahali pavimbe, ini litoe protini za vita. Kwako vijumbe hivyo vilikuwa vinatumwa bure, adui hayupo, ndiyo maana viungo vikavimba. Sindano inaziba vipokezi vya kijumbe kimoja kikorofi. Kinazunguka weee, hakina pa kuingia.

Huyo mchumba nimwone kwanza.

Mwanao

19 Machi

Mwanangu,

Salamu nyingi. Kazi inaendeleaje? Juzi sindano ya cherehani ilinipenya kidole cha shahada ikatokea upande wa pili. Nikafunga kitambaa, nikaendelea. Sasa mkono unauma mpaka kwapani na nimechoka kama niliyebeba matofali. Lakini kidole hakijavimba sana, na nikijishika paji la uso ni baridi kabisa. Zahanati wamepima damu, picha ya karatasi hiyo hapo. Habari ya dawa sikuwaambia, hawakuuliza. Inasemaje?

Mama yako

20 Machi

Shikamoo mama, pole sana.

Karatasi nimeiona. Kipimo cha uvimbe kiko chini ya moja! Kungekuwa na maambukizi kingeruka mpaka mia. Osha kidole kwa maji ya chumvi, pumzika nyumbani, na usirudi kupanga foleni bure.

Mwanao

21 Machi, saa nne asubuhi

Mama, salamu baadaye. Nimekosea.

Toka sasa hivi, nenda hospitali kubwa. Kipimo kile ni cha protini inayotolewa na ini, na ini huitoa likiamriwa na kijumbe kilekile ambacho sindano yako imekizibia njia. Homa nayo vivyo hivyo. Mkono unaweza kuoza na karatasi ikasema damu safi. Nasoma karatasi kama hizo mia kwa siku, na yako nikaisoma kama ya mtu yeyote. Waambie habari ya dawa kabla hawajakuuliza jina. Naogopa, mama. Nijibu.

Saa tano

Mama?

Saa sita mchana

mwanangu usiogope sina joto. nimekaa kidogo. mashati niliyokuja nayo nyumbani yamebaki manne matano. mkono umegeuka zambarau lakini hauumi tena. baba yako amekuja anataka chai nimemwambia angoje nimalize kola

mama

Saa sita na dakika mbili

Mama, baba tulimzika mwaka juzi. Mama, nisikilize. Msimamizi nimempata, anakuja na gari, mfungulie mlango. Usilale. Andika chochote, hata nukta.

23 Machi

Shikamoo mama,

Nimefika tangu jana, niko kwenye benchi nje ya chumba chako. Msimamizi alivunja kitasa, akakukuta umeinamia meza na kola mkononi. Sumu ilikuwa imeshaingia kwenye damu. Mkono wa kulia wameukata juu ya kiwiko. Hujaamka bado. Muuguzi anakuita sikioni, nimemwambia husikii, anaendelea kukuita.

Daktari aliuliza ni nani aliyesoma majibu yale akakwambia ukae nyumbani. Mama, kwa sekunde moja nilitaka kusema zahanati. Halafu nikasema ni mimi, mwanae, mpimaji wa damu mwenye cheti. Aliandika kwenye faili lake akaondoka, na mimi ningeona afadhali angenitukana.

Sijui nitakwambiaje habari ya mkono. Sijui kama nitapata nafasi ya kukwambia. Wanasema tusubiri mpaka kesho kutwa, na sijawahi kuogopa siku kama ninavyoiogopa hiyo.

Simu yako wamenikabidhi pamoja na nguo zako. Kila nikikuandikia, inatetemeka hapahapa mfukoni mwangu. Naandika tu.

Kifungua-mimba wako