Makasha Yanayojinywesha

Canora, Saskatchewan,
Kanada.
9 Machi.

Mpendwa Dada Halia,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye theluji zikufikie huko kwenye jua lenu. Hamjambo Hobart? Shemeji Craig mgongo wake umepoa? Na Tess je, safari hii amefaulu mtihani wa udereva, au bado anawatia watu hofu barabarani? Sisi ni wazima. Mimi mzima, Mama mzima, na hilo la Mama ndilo lililonikalisha niandike badala ya kupiga simu. Kwenye simu mimi na wewe hukatizana, na habari hii inataka kusimuliwa kwa utaratibu.

Baridi bado haijatuachia. Juzi lori liligoma kabisa kuwaka, na kunguru wanatembea barabarani kwa miguu kana kwamba wamesahau kuruka.

Ulinitaka niikubali ile nafasi ya Mama katika nyumba ya wazee kule Yorkton. Nilikwenda kuiona. Ni pasafi, wauguzi wana kauli nzuri, na supu yao si mbaya. Nilibakiza kidogo tu niseme ndiyo. Sikusema, na sitasema. Nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujanikasirikia.

Unakikumbuka chumba chako cha nyuma, kile chenye dirisha linaloelekea ghalani. Siku hizi ndimo inamoishi mibangi yangu. Usicheke. Sheria inaruhusu mashina manne kwa kila nyumba, nami ninayo manne, sizidishi. Mtu akishaendesha lori la potashi kutwa, mgongo haulali bila msaada, na ile ya dukani mimi hainipendezi. Yangu inakua kwa udongo hai: mboji, samadi ya minyoo, majani makavu ya alfalfa, basi. Mbolea ya kiwandani haiingii mlangoni mwangu.

Shida ni kwamba mimi ni mtu wa safari. Nikiondoka, nani atamwagilia? Ndipo akaingia Mama. Tangu Baba atutoke, na yeye ahamie kile kinyumba karibu na kanisa ili aepukane na ngazi, kazi hiyo aliishika yeye. Na hakuna siku aliyoifanya bila kulalamika.

"Nimezaa watoto wawili," alikuwa akiniambia. "Mmoja kakimbilia mwisho wa dunia, mwingine kanifanya yaya wa bangi."

"Mama, kama umechoka niambie."

"Nani kasema nimechoka? Nimesema ni aibu."

Nilikuwa nimemwambia kwamba dawa iliyomo kwenye maji ya bomba huua vijidudu vya udongo. Basi akawa anajaza theluji ndoo uani, anaiyeyusha jikoni, kisha anaibeba mpaka chumbani. Umri ule! Novemba nilirudi nikakuta alama pale nje ya mlango wa jikoni, alama ya mtu aliyeteleza akaanguka chali, kisha akajizoazoa. Nilipomuuliza, akasema ni mbwa wa Lorne, jirani yetu. Mbwa wa Lorne havai buti, Dada.

Siku hiyo niliogopa. Lorne, ambaye tangu astaafu pale kwenye ghala la nafaka anatafuta tu mahali pa kupeleka mikono yake, akaniambia tutengeneze makasha yanayojinywesha. Tukashinda gerejini na msumeno na keekee. Si jambo gumu. Unachukua makasha mawili ya plastiki, moja unalitumbukiza ndani ya jingine. La chini linakaa maji, la juu linakaa udongo. Katikati unasimamisha kikopo cha mtindi kilichotobolewatobolewa na kujazwa udongo, miguu yake ndani ya maji, na udongo unayapandisha maji yale taratibu kama utambi unavyopandisha mafuta ya taa. Kwenye kona unapitisha bomba la kujazia. Ubavuni unatoboa kitundu, ili maji yakizidi yatoke yenyewe na mizizi isizame.

La kwanza lilipasuka, likavuja kama kapu.

"Orest," Lorne akaniambia, "hili umelitengeneza kwa ajili ya bangi au kwa ajili ya kuvulia samaki?"

Lakini yaliyofuata yalikaa sawa. Ukilijaza kasha, mimi naweza kwenda na kurudi na mmea haujui kama sikuwapo. Nikajiona fundi wa mafundi.

Krismasi yetu ya Kiukraini, ile ya Januari, tulipokwisha kula, nikamshika Mama mkono nikampeleka chumbani. Nikamwonyesha bomba, nikamwonyesha kitundu.

"Hii ndiyo zawadi yako," nikamwambia. "Hakuna tena kubeba ndoo. Huna haja ya kuja huku kwenye barafu."

Akayatazama makasha. Akaligusa bomba kwa kidole kimoja.

"Yanajinywesha yenyewe?"

"Yenyewe kabisa."

"Ala," akasema. "Vizuri." Kisha akaomba koti lake.

Mimi nilidhani amechoka na shughuli za sikukuu.

Kilichofuata unakijua. Wewe ulipiga simu kwake mchana ikaita mpaka ikakata. Nami nilipiga kutoka Regina, nikapiga kutoka Moose Jaw, kimya. Nikirudi nyumbani namkuta kwake amekaa, maneno machache, na nikimuuliza ananiambia alikuwa amelala. Wale kina mama wa parokia wanaokutana ukumbini kufinyanga pyrohy, vile vitumbua vya unga vyenye viazi ndani, wakaniuliza kwa nini siku hizi haonekani. Wewe ukasema ni masikio, au ni akili inaanza kupotea. Nikaona huenda ni kweli. Ndipo nilipokwenda Yorkton.

Wakati huohuo mibangi nayo ikaanza kuugua. Majani yakawa manjano, yakalegea kama soksi zilizolowa, na udongo ukanuka kinamasi. Jambo lenyewe halikuwa na maelezo, kwa sababu makasha yale yametengenezwa ili mmea usizame. Nikavilaumu vikopo vya mtindi. Lorne akanilaumu mimi.

"Na jambo jingine," akasema. "Jumapili mama yako alinuka kicheche. Wakati wa ubani padri aligeuka mara mbili."

Tulicheka sana. Nikasema atakuwa amevaa koti langu. Sikufikiri zaidi ya hapo.

Mwisho wa Februari, dhoruba ilifunga barabara nikiwa nimefika nusu ya safari, polisi wakaturudisha. Nikafika nyumbani mchana, siku ambayo hakuna aliyenitazamia. Pale mlangoni, juu ya mkeka, palikuwa na buti mbili ndogo zimepangwa vizuri, visigino ukutani.

Mlango wa chumba chako ulikuwa wazi kidogo na mwanga wa zile taa kali za kukuzia mimea ulikuwa unamwagika ukumbini. Nikachungulia. Mama alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyofunikwa, katikati ya mimea. Kichwani alivaa ile kofia ya majani anayolimia bustani Julai, machoni miwani myeusi ya Baba. Mapajani alikuwa na kitambaa, anadarizi, uzi mwekundu na mweusi. Koti alikuwa amelivua. Na alikuwa anazungumza kwa Kiukraini chetu, kwa sauti ileile ya kusengenya ukumbini kwa parokia.

"Yule Paraska kavunjika nyonga," alikuwa akiiambia mimea. "Wamempeleka Yorkton. Kule hakuna anayekuomba kitu. Chakula kinakuja chenyewe, dawa zinakuja zenyewe." Akauvuta uzi. "Kama nyinyi. Sasa mnajinywesha wenyewe. Haya, kunyweni kidogo hata hivyo, maadamu nimeshakuja."

Akainama, akachukua jagi, akamimina.

Dada, nilisimama pale ukumbini na glavu zangu mkononi, nikashindwa kuingia, nikashindwa kuondoka. Mwisho nikakohoa.

Unamjua, hakushtuka. "Vua viatu," akasema bila kugeuka. "Umeniletea theluji ndani."

"Mama, unaniibia bangi?"

"Kama ni kuiba, ningeiba kitu cha maana."

Nikacheka, naye akacheka. Kisha akaivua ile miwani na nikaona macho yake.

"Kule kwangu kuna dirisha moja," akasema, "nalo limetazama ukuta wa kanisa. Nikikaa pale, hata redio inanichosha. Humu ndimo nilimomlaza Halia. Humu kuna mwanga, kuna harufu ya udongo. Nje ni Februari, lakini humu ni Julai."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Uliniambia sina haja ya kuja. Mtu akiambiwa hahitajiki tena, ajibu nini? Aombe?"

Nikakaa sakafuni karibu na ndoo yake. Ndipo nilipoona kwamba vile vitundu vya ubavuni, vyote, vilikuwa vimezibwa kwa vitambaa, vimekazwa barabara.

"Na hivi?"

"Maji yalikuwa yanachuruzika sakafuni kwangu! Sakafu hii nimeipiga nta tangu baba yenu yuko hai. Wewe ndiye uliyetoboa matundu, eti fundi."

Kumbe ndiyo maana. Alikuwa akiimwagia maji kwa juu, na huku njia ya maji kutokea imezibwa, mimea ikawa inazama kutoka pande zote mbili kwa sababu ya mapenzi. Nikazibua, nikaweka sinia chini ya kila kitundu ili nta yake isiharibike. Shina moja lilikufa. Mengine yameinuka, na majani mapya ni ya kijani kizuri.

Tulikunywa chai jikoni siku ile mpaka dhoruba ikapita. Nikamwambia ukweli, kwamba sikumwondoa kazini, nilikuwa naogopa barafu. Na kwamba maji yanajipeleka yenyewe, lakini majani hayajikagui yenyewe. Kuna wadudu wadogo wanaojificha chini ya jani, lazima mtu awatafute. Kuna minyoo ndani ya sanduku lao, wanataka maganda ya viazi. Mimi mtu wa safari siwezi.

Akaniangalia kama anavyomwangalia muuza kuku.

"Na mimi napata nini?"

"Unataka nini? Bangi?"

"Mpumbavu. Nataka ile pembe ya dirishani, nipande miche yangu ya nyanya."

Basi imekuwa hivyo. Mimi na Lorne tulimtengenezea kasha lake. Alisimama nyuma yetu muda wote akitukosoa, na nilipochukua keekee akanishika mkono.

"Langu usilitoboe. Langu nitalinywesha mimi."

Lorne anamwaga mchanga kila asubuhi kwenye kile kijia kati ya geti na mlango wa jikoni, ili asiteleze. Mimi naacha maji yamekwisha yeyushwa kabla sijaondoka. Nimeleta kiti chenye mgongo, nikaivuta simu mpaka chumbani. Kwa hiyo ukitaka kumpata, piga kwangu asubuhi ya kwenu, kwetu itakuwa mchana. Ataipokea. Ukumbini kwa parokia amerudi pia. Padri alipomuuliza kuhusu ile harufu, alimjibu, "Nimeajiriwa, Padri," akaendelea na unga wake.

Sitaki umchukulie kama mtoto aliyepewa mdoli ili anyamaze. Nimemwona akipindua majani moja moja kwa kidole, miwani ya kusomea puani, na aliwaona wadudu kabla yangu. Magoti bado yanamuuma, na majira ya baridi yajayo yatakuja. Siku ikifika ambayo hawezi tena, tutakaa wote watatu tuzungumze, na yeye mwenyewe awe wa kwanza kusema.

Jana nilimweleza habari ya Yorkton, maana sikutaka aisikie kwa watu. Nilimwambia wewe umeitafuta ile nafasi kwa wema, kwa kuwa uko mbali na simu haipokelewi. Hakukasirika. Aliendelea kudarizi mpaka mwisho wa mstari, akakata uzi kwa meno.

"Mwambie Halia nashukuru," akasema. "Nafasi hiyo wampe mwingine. Mimi Jumatatu nina zamu."

Nisalimie sana Shemeji Craig, mbusu Tess, na umpe pole mama mkwe wako kwa ule mkono. Lorne anakusalimu, anasema bado una deni lake la dansi tangu harusi ya Bohdan. Mama anakuombea afya na usingizi mwema, na anauliza kama huko kwenu udongo ni mweusi.

Mungu awalinde katika kutoka kwenu na kuingia kwenu.

Ni mimi mdogo wako, nisiyepunguza kukupenda kwa umbali,

Orest