Swali la Twahira

Themi, Arusha
Jumatano

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba goti limepunguza kukusumbua tangu baridi ipungue. Mdogo wangu Aikaeli alinipigia kunieleza kuwa maharage yamekubali mwaka huu, nikashukuru. Mimi mwili ni mzima. Uchovu nilio nao si wa kuugua. Usishangae kuona karatasi badala ya simu. Kwenye simu ningelia, nawe ungeanza kunifariji kabla sijamaliza, na safari hii naomba nimalize.

Najua ulivyofurahi Mchungaji alipokuambia kwamba nimechaguliwa kuwa katibu wa maombi ya wanafunzi hapa chuoni. Nafasi hiyo nimeiachia. Sababu yake inamhusu Twahira, yule niliyekuwa nikilala naye chumba kimoja, aliyekuja nami hapo nyumbani Kikwe wakati wa Pasaka mkachambua maharage pamoja mpaka ukasema binti huyu anajua kusikiliza.

Muhula huu tuna somo la mawasiliano. Mwalimu wetu, Dokta Dismasi, alitugawa wawili wawili, akataka kila mmoja amweleze mwenzake anaishi kwa ajili ya nini. Msikilizaji asikatize, asihukumu, na yaliyosemwa yasitoke nje. Mimi nilipangwa na Twahira. Yeye ndiye aliyeanza. Alisema kwamba tangu pacha wake, Twahir, afariki kwa ajali ya pikipiki mwaka jana, anaswali swala zote tano, lakini ziko siku anainuka kwenye mswala bila kujua kama kuna aliyemsikia. Alisema polepole, akivutavuta ncha ya mtandio wake. Zamu yangu ilipofika nikamkariria mahubiri yako ya sikukuu ya mavuno, karibu neno kwa neno. Akanishukuru.

Jioni ileile nikaandika kwenye kundi letu la maombi la WhatsApp kwamba tumwombee Twahira, kwa maana imani yake imetikisika na huenda mlango umefunguka. Nilimtaja kwa jina. Zikamiminika amina, nami nikalala vizuri.

Ujumbe ule ulitoka kwenye kundi, sijui kwa mkono wa nani, na kila ulipopita ulinenepa. Ulipomfikia baba yake, Mzee Mikidadi, anayeuza nafaka sokoni, ulikuwa unasema binti yake amebatizwa. Akamwita nyumbani, akamwambia chuoni harudi mpaka ukweli ujulikane. Twahira alikosa wiki mbili za masomo na jaribio moja. Darasani tuligawanyika. Watu waliokuwa wakila meza moja walianza kuulizana nani ni wa upande gani, na maneno yaliyosemwa siwezi kukuandikia. Pande zote mbili zilikuja kwangu kuuliza, kwa kuwa nililala naye chumba kimoja. Nikajibu kwamba sijui lolote.

Nilivumilia hivyo mpaka nikaona vitu vyake vikiondolewa kitandani na mdogo wake, ambaye hakunisalimia. Jumapili iliyofuata, saa ya ibada, nikaenda kwao. Mama yake alinimiminia chai kabla sijasema nilichojia. Twahira alisimama kwenye mlango wa jikoni, hakukaa.

Nikamwambia mzee, "Hakuacha dini yake. Alinieleza huzuni yake, mimi nikaigeuza tangazo."

Akaivua kofia yake, akaiweka gotini. Kisha akasema, "Binti, swali hilo hata mimi nalala nalo tangu nimzike Twahir. Ningelisikia kwake tungelia wote. Nimelisikia sokoni, mbele ya wateja."

Hakunifokea. Afadhali angenifokea.

Twahira alirudi chuoni Jumanne ya wiki iliyopita, akahamia chumba kingine. Nilimwomba msamaha tukiwa peke yetu. Akasema amenisamehe, ila kwa sasa hana la kuniambia. Tunasalimiana tukikutana kwenye chakula, basi. Kwenye kundi niliandika ukweli wote, nikaachia ukatibu. Wapo walioniambia kwamba nimewaaibisha, kwani nia yangu ilikuwa njema.

Baba, nia yangu haikuwa njema, na hili sijamwambia mtu. Swali la Twahira lilikuwa langu. Tangu tumzike Mama pale migombani sijaomba hata mara moja nikiwa peke yangu. Kanisani midomo inatamka, na nikiongoza maombi maneno yanakuja kwa sababu nimekusikia wewe tangu utotoni. Twahira aliposema lake niliogopa kama mtu aliyetajwa jina mbele za watu. Nikalisukuma lote kwake. Nilimwombea yeye ili mimi nisitazamwe.

Sijaliacha kanisa, wala sijasema kwamba Mungu hayupo. Nimechoka tu kuigiza. Naona vibaya kumwandikia mwinjilisti maneno haya, tena baba yangu, lakini sikutaka uje kuyasikia kwa mwingine, kama Mzee Mikidadi.

Jumamosi ijayo nitakuja. Ulitaka nisome somo ibadani. Naomba asome mwingine, mimi nitakaa na Aikaeli. Ukiona inafaa unikemee, nikemee. Ukikosa la kusema, nitakuja vilevile.

Mwambie Aikaeli sketi yake nimeipata. Shangazi Evelyn umfikishie shikamoo yangu, na Mzee Solomoni jirani pia.

Na kama nawe, Baba, siku yoyote tangu Mama atutoke, uliwahi kuinuka magotini bila kujua kama kuna aliyekusikia, niambie. Sitamwambia mtu.

Mwanao,
Anande