Nyota Ikizidi Uzito

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima, baridi ya huku ng'ambo tu ndiyo inanitesa. Mama mgongo unaendeleaje? Na kuhamia kijiji kipya kumekwisha, au bado mnabomoa nyumba ya zamani?

Baba, mwezi mzima sina utulivu, ndiyo maana naandika. Profesa wetu wa fizikia, mama mmoja mzee mkali, alitufundisha jinsi nyota zinavyokufa. Nyota kubwa, yenye uzito wa majua manane au zaidi, huwaka mpaka kiini chake kinakuwa chuma kitupu. Chuma hakiwaki tena. Basi kiini kinaporomoka ndani yake chenyewe, kufumba na kufumbua, na sehemu za nje zinalipuka. Kinachobaki ni donge zito kuliko jua, lakini upana wake haufiki mwendo wa kutoka hapo Iguguno hadi Singida mjini! Kijiko kimoja chake kinawashinda uzito ng'ombe wote wa Tanzania. Wanaliita nyota ya nyutroni.

Nikanyoosha mkono. "Je, jua letu nalo?"

Darasa likaangua kicheko. Profesa akamwita ubaoni aliyecheka kuliko wote. "Mjibu mwenzako." Kijana akachora duara, akalifuta, akarudisha chaki. Ndipo profesa akasema jua ni jepesi mno, halitaporomoka hivyo. Nikashusha pumzi, kisha nikauliza tena.

"Na hilo donge likizidi uzito?"

"Hatujui cha kulizuia. Litazidi kuporomoka."

"Likizidi kiasi gani?"

Akaniambia nipige hesabu mwenyewe. Wiki mbili nilihangaika nayo. Jibu likaja kati ya majua mawili na matatu. Nikampelekea nikijua atalikosoa. Akasoma, akavua miwani. "Hata sisi tumeishia hapo hapo. Kikomo kamili sikijui."

Baba, nilikaa sakafuni. Profesa mzima hajui, na anasema bila aibu! Sisi shuleni tulichapwa kwa neno hilo.

Jana ameniomba nibaki miaka mingine nifanye utafiti naye. Nimemshukuru, nikakataa, ingawa nililia. Nitarudi kufundisha, kama nilivyowaahidi.

Unisalimie Mama, shangazi mkunga, na mjomba balozi wa nyumba kumi. Mdogo wangu Eliza, aliyeanza darasa la kwanza, mwambie akiulizwa asichokijua aseme hajui. Akichapwa, avumilie. Dada yake anakuja.

Ni mimi binti yako,
Naomi