Vyumba Vikuu Viwili vya Corinne

Eau Claire, Wisconsin

Kaka yangu Duane,

Salamu nyingi zikufikie huko Hayward, wewe na shemeji Marlys. Goti lake linaendeleaje tangu lipasuliwe? Sisi huku wazima, theluji imeanza kudondoka, na nyumba mpya imekwisha. Tumeshahamia.

Utakuwa umesikia kwamba ina vyumba vikuu viwili vya kulala, kila kimoja na bafu lake. Fundi Lyle aliniambia nisione haya, siku hizi wengi wanataka hivyo: mmoja anafanya kazi ya zamu, mwingine anamleta mama yake mzee, mwingine anapenda baridi na mwenzake joto. Sababu yetu sisi ilikuwa kukoroma kwangu. Corinne ameulilia usingizi miaka mingi, nami nimejiona mkosaji miaka hiyo hiyo. Nilibandika plasta puani, nikaacha bia, nikalala kwa ubavu kama mgonjwa. Wapi!

Jumamosi tuliwakaribisha watu wa kanisani waione nyumba. Unawajua watu wetu: bakuli la viazi na jibini mkononi, na hawaketi mpaka wamefungua kila mlango. Corinne akawatembeza. Walipofika mlangoni pa chumba changu akawaambia hilo ndilo pango la dubu. Bev Amundson akanigeukia: “We Wendell, yaani umemfukuza mke kitandani kwa pua tu?” Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Nikacheka nao, lakini moyo ulikuwa unaniwaka, maana nilijua jambo wasilolijua.

Mwezi uliotangulia nilikwenda hospitali kwa siri. Nilitaka nitibiwe, kisha nimwambie Corinne kile chumba cha pili tukifanye cha wageni. Wakanilaza na nyaya kichwani, wakanisikiliza hadi asubuhi. Muuguzi akaja anacheka: “Mzee, nani kakudanganya? Umelala kimya kama mtoto aliyeshiba!” Sikuamini. Nikaomba wanipime tena, na daktari akaniambia yale yale.

Kaka, sikoromi. Wala sijui kama nimewahi kukoroma. Tulilala chumba kimoja utotoni, ungeniambia wewe, lakini sikuwahi kukuuliza. Nilimwamini mke wangu.

Ule msimu wa mwisho wa baba wa kuwinda kulungu, nilikuambia mgongo unaniuma. Mgongo ulikuwa mzima. Corinne aliniambia nitawakesha wote kwenye kibanda cha kuwindia na kumwaibisha mzee mbele ya rafiki zake, basi nikabaki nyumbani kutazama mpira. Baba akafa Machi iliyofuata, akidhani sikutaka kwenda naye. Hilo linaniuma kuliko chumba. Corinne amenisaliti, nasema wazi, tena kwa upole, huku akinitengenezea chai ya asali ya kulainisha koo.

Utauliza mbona sijamkabili. Nikimwambia najua, itabidi anieleze kwa nini hasa alitaka mlango wa kunifungia, na hilo sina ubavu wa kulisikia. Kwa hiyo nakiri kwako peke yako: kila usiku, akishazima taa chumbani kwake, mimi nalala macho makavu na kukoroma kwa makusudi, kwa nguvu zangu zote, ili asikie.

Mpe shemeji pole ya goti, na watoto wote wasalimie. Ukipiga simu akapokea Corinne, isifu nyumba, basi.

Mdogo wako,
Wendell