Mchumba Wangu Hatanishikia Kamba Nisipovaa Suruali Pana

Mama Nyale, shikamoo. Naandika goti likiwa limefungwa bandeji na Jumamosi tunaenda tena kupanda, kwa hivyo tafadhali nijibu kabla siku hiyo haijafika.

Nakaa mtaa wa Shika Adabu, nafanya kazi kwa ofisi ya kutoa mizigo hapo Kipevu, na tangu mwaka jana niko katika kikundi cha kupanda miamba, kiongozi wetu ni dada anaitwa Kafedha, tunaenda upande wa Voi ambako kuna mwamba mrefu na upepo mwingi. Bramwel, mchumba wangu, fundi wa malori Changamwe, alijiunga kwa ajili yangu na akajifunza haraka, yeye ndiye hunishikia kamba, yaani mimi nikipanda yeye anabaki chini akiikaza ili nikiteleza nisianguke mbali. Shida ilianza na suruali. Nilikuwa na moja ya kubana kiasi, inavutika, akasema inanichora mbele ya wanaume, akaninunulia pana ya kitambaa laini, akasema, "Lyn, vaa hii uniheshimu," nami nikavaa nisimvunje moyo.

Sasa juzi niko juu, upepo ukaja ukaingia ndani ya ile suruali ikafura, ikaanza kunivuta kando, upindo ukashuka ukafunika kiatu na sikuona tena pa kukanyaga, nikapiga kelele, "Bramwel, kaza!" nikasikia sauti yake lakini haongei na mimi, anamwambia Hashim, mwenzetu, "Wewe unaangalia nini huko juu?" Nikateleza. Mama, nilianguka nikiingojea kamba na kamba haikuja, goti likagonga mwamba, suruali ikachanika, ndipo kamba ikakaza. Nilipofika chini Bramwel akanikumbatia akalia, akaomba msamaha mbele ya wote. Kafedha ndiye aliyenifunga goti.

Nilidhani yameisha, lakini jana ameniletea ingine, nzito zaidi na pana zaidi, akasema, "Hii haitachanika." Nikamwambia shida si kuchanika, ni upepo. Akasema nikivaa ile ya kubana hatanishikia kamba, na nikishikiwa na mtu mwingine nisirudi kwake. Wazazi wameshaanza kuongea mambo ya mahari, nampenda, na kupanda sitaki kuacha. Je, kuna suruali ngumu, isiyoshikwa na upepo, ambayo pia itamridhisha?

Lynnette (majina yote tumeyabadili)

MAMA NYALE AJIBU

Marahaba, mwanangu, na pole sana. Mimi mwamba sijaupanda, basi nimewauliza wanaopanda. Tafuta kitambaa kilichofumwa kikashikana: kiweke mdomoni upulize, pumzi ikipita, upepo nao utapita. Kiwe chavutika. Hapo hapo dukani inua goti hadi kifuani. Suruali ikikubana mapajani, irudishe. Magotini iwe na kitambaa maradufu, msambani iwe na kiraka kipana cha kukupa nafasi, na chini iwe na lastiki ya kushika kifundo, isikufunike kiatu. Jinzi achana nazo. Ukiwa na subira, Kongowea kwenye mitumba utaipata.

Hiyo ndiyo suruali ya mwamba. Ya kumridhisha Bramwel haijashonwa.

Usinichukie kwa kukwambia kweli. Ulijua vazi lile halifai, ukapanda nalo mwambani ili mtu asinune. Heshima gani hiyo ya kuhatarisha shingo? Machozi yake nayaamini, hakika alitishika. Lakini mtu aliyetishika kweli angekuja na suruali nyembamba, au angekuja mikono mitupu akuulize wataka nini. Yeye kaja na pana zaidi, na kitisho juu yake. Mshika kamba ana kazi moja tu, naye aliiacha kwenda kuchunga macho ya Hashim.

Nilikuwa niishie hapo. Lakini kwa kuwa Jumamosi i karibu, nilipiga nambari uliyoniachia. Akapokea mwanamume. Sijamaliza kuamkia, akasema, "Wewe ni nani, na Lynnette wamtakia nini?" Nikasema nimekosea nambari. Akasema, "Usipige tena." Mwanangu, kama huyo ni Bramwel, basi hata simu yako anaishika yeye.

Kwa hiyo sikia. Jumamosi usipande, goti hilo likaonwe na daktari kwanza. Likipona, atakayekushikia kamba ni Kafedha au mwingine atakayemchagua Kafedha, si Bramwel. Hilo usimwambie mkiwa wawili peke yenu, wala usimwombe ruhusa. Wazazi wako waambie maneno ya mahari yasimame, na uwaeleze kwa nini. Mzazi aliyekulea hataona haya kungoja. Bramwel akitaka kubadilika, abadilike wewe ukiwa mbali naye, na watu wakiona.

Leo ukitoka kazini usipitie kwake. Nenda moja kwa moja kwa Kafedha, mweleze yote uliyonieleza, kisha unipigie kwa simu yake. Saa yoyote, nitapokea.