Maneno Uliyomtia Maître Mdomoni

Yaya Kabwe, kaka yangu uliyetangulia,

Jana nimeiona tena ile filamu ya maître, yule mwalimu mzee wa kung-fu, uliyotuonyesha mtaani kwetu Kamalondo mwaka wa uporaji wa askari. Nimecheka mpaka machozi, na sababu yake ni wewe tu utakayeielewa.

Unakikumbuka chumba chetu cha video: mabenchi ya mbao, gunia dirishani, na wewe umesimama kando ya televizioni ukitafsiri Kichina ambacho hukukijua hata neno moja. Mgodi ulikuwa umeacha kumlipa baba. Televizioni ile ndiyo iliyotulisha.

Ulinifundisha kuchagua filamu. "Mudogo, usihesabu ngumi," ulikuwa ukiniambia. "Angalia namna maître anakawia kusimama. Ule anapiga tangu mwanzo, ule iko bandit tu."

Alasiri ile askari watatu waliingia na bunduki. Maduka ya jirani walikwisha kuyasafisha. Mkubwa wao akaishika televizioni kwa mikono miwili. Ndani yake maître alikuwa ameketi, anatukanwa, anamwagiwa chai usoni. Sisi sote tuliganda. Wewe hukuganda.

"Chef, pardon. Ukizima sasa, hautajua mwisho. Maître hayasimama bado."

"Atasimama saa ngapi?"

"Ukae, utaona."

Askari mmoja akacheka. "Chef, tuangalie kwanza. Acteur hafwake!" Acteur ndiye shujaa, na kwamba shujaa hafi, hilo mji mzima ulilijua. Wakakaa, bunduki magotini.

Maître akasimama. Akawaangusha wote kwa mkono mmoja, akarudi kuketi, akasema maneno machache.

"Anasema nini?" mkubwa aliuliza.

Ulijibu bila kupepesa jicho: "Anasema, mwenye nguvu ya kweli anatoka mu nyumba ya bantu mikono mitupu."

Mama muuza mandazi akapiga makofi kutoka benchi la nyuma, na chumba kizima kikamfuata. Mkubwa alikutazama sana.

"Ile iko bongo," alisema, maana hapa kwetu uwongo tunauita bongo. "Lakini bongo muzuri."

Wakatoka mikono mitupu. Katika shajara yangu siku hiyo niliandika sentensi moja: Televizioni iko.

Filamu niliyoipata safari hii ina maandishi ya Kifaransa chini. Niliwaketisha watoto wangu, ambao maneno yako wanayajua tangu wadogo. Maître akawaangusha wote, akaketi, akafungua mdomo. Maandishi yakatokea: Fungeni mlango, kuna baridi.

Yaya, kumbe ni mlango tu! Mlango na baridi!

Kabla sijasema kitu, mwanangu wa mwisho, niliyempa jina lako, aliruka kutoka kwenye kiti akinyoosha kidole.

"Papa! Maandishi inasema bongo!"

Sikumsahihisha. Nilizima sauti, nikarudisha filamu nyuma, nikaenda kusimama kando ya televizioni.

Pumzika, yaya. Maître amesimama.

Mudogo wako,
anayetafsiri sasa